Mwaka wa Tatu wa Kumtafuta Choolwe

Mimi nakodisha makoti ya mvua na ndala getini pale kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, upande wetu wa Zambia, meza ya tatu ukitokea kwa wachonga vinyago. Mdomo wangu haufungiki, kila mtu pale anajua. Ndiyo maana hili moja nililolinyamazia limenikaa kooni.

Linamhusu Mutinta, ambaye sote tunamwita Bina Choolwe, yaani mama yake Choolwe. Ni mwongoza wageni. Miaka kumi na tisa anawatembeza watu njia ileile: getini, mwambani, daraja jembamba, kisha ngazi za mawe kushuka mpaka mtoni, mahali maji yanapozunguka na kuchemka bila moto. Hapo tunapaita Chunguni. Saa moja na nusu kwenda na kurudi, na picha humo humo. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, ana sauti ya kuita ng'ombe, na akisimulia habari za maji hata sisi tuliozaliwa hapa tunasimama kusikiliza.

Mwanawe Choolwe naye alikuwa mwongozaji, ila yeye alikuwa wa kiangazi. Kiangazi kikikaza, maji ya upande wetu hukatika, mwamba unabaki mtupu, na vijana wanawapitisha wageni juu kabisa, ukingoni, penye maji yaliyobaki. Imekatazwa, lakini inalipa. Basi mwezi wa tisa wa mwaka ule upepo ukapeperusha kofia ya mgeni mmoja, Choolwe akaikimbilia. Ule mwamba una utando wa kijani, hata ukikauka unateleza. Kofia ilipatikana. Ilikuwa imenasa kwenye kijiti, hatua mbili tu toka ukingoni. Choolwe hakupatikana.

Polisi walimtafuta siku nne, kwa kamba na boti. Siku ya tano mkubwa wao alikuja kumwambia mama mtu kwamba mto umemchukua, pole sana, akapanda gari akaenda zake. Nilimtukana njia nzima ya kurudi nyumbani, na haikusaidia kitu.

Sasa kwetu mtu asipozikwa, msiba haujaisha. Na wa kuumaliza si mama wala baba, ni mjomba, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba wa Choolwe ni Ba Siamwinde, kaka mkubwa wa Bina Choolwe, mzee mkavu, hacheki ovyo. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Siwezi kuzika upepo. Nileteeni kitu cha mwili wake, au kilichokuwa mwilini mwake siku ile. Nitakizika kwa heshima zote."

Mpaka kitu hicho kipatikane, Luse, mke wa Choolwe, abaki na uzi mweusi shingoni. Ukiuona ule uzi utadhani si kitu, kauzi tu. Lakini mwanamke aliyeuvaa haendi harusini, hapandi mbegu kabla ya wenzake, hampakulii mgeni chakula, na hakuna mwanamume atakayethubutu kumshika hata mkono. Luse alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mtoto hawakuwahi kupata. Akabaki nyumbani kwa mama mkwe, wanawake wawili na sufuria moja ya nshima, yaani ugali, wakiangaliana.

Bina Choolwe akarudi kazini baada ya mwezi mmoja. Watu walimshangaa, anapataje moyo wa kupita pale kila siku. Mimi sikushangaa, nilijua anachofuata. Kiangazi maji yakishuka, kule Chunguni mawe yanachomoza, na kwenye mawe vitu vinanasa: magogo, chupa, nguo, mifupa ya wanyama. Alikuwa anawaeleza wageni habari za mto huku macho yako chini, anapekua kila ufa kwa ncha ya fimbo. Mgeni mmoja mama akamuuliza, "Unatafuta nini muda wote?"

"Nyoka," akamjibu. Yule mama akamshukuru kwa kuwalinda.

Kiangazi cha kwanza hakupata kitu. Cha pili akapata mbavu, akazileta kwenye kanga, zikatambuliwa kuwa za swala. Nakumbuka alivyozifunga tena kwa ile kanga, taratibu, akazirudisha mtoni kwa adabu, maana alishazililia usiku mzima. Nikamwambia, "Shoga, acha. Utakuja kufa wewe." Akasema, "Nikifa mimi nitazikwa, wewe upo."

Kiangazi cha tatu ndicho cha habari hii. Mvua iliyopita ilikuwa haba, mto ukashuka kuliko wazee walivyowahi kuuona. Biashara yangu ya makoti ikafa kabisa, nani anataka koti la mvua mbele ya mwamba mkavu? Nikawa nashuka na Bina Choolwe kuwabebea wageni maji ya kunywa na kuwafukuza nyani kwa manati. Nyani wa pale hawana aibu, watakupokonya mkate mdomoni.

Mwezi wa tisa wa kiangazi hicho, Luse alikuja mezani kwangu. Alikaa chini, akachezea ule uzi kwa kidole.

"Bina Milimo," akaniita, maana mimi ni mama yake Milimo, "kuna mtu amenitolea neno."

"Nani?"

"Hachipuka. Yule fundi matofali wa Kalomo."

"Yule mwenye masikio?"

Akacheka kidogo. Sikuwahi kumwona anacheka tangu msiba. "Ndiyo, huyo mwenye masikio. Amesema atangoja mpaka mvua za kwanza. Zaidi ya hapo kwao hawatamruhusu, wanasema mimi nina mume mtoni." Kisha akainamisha kichwa. "Mimi namwomba Mungu Choolwe apatikane, hata kidole tu. Mungu anisamehe, Bina Milimo. Simuombei tena apatikane mzima. Naomba kidole."

Nilipoinua macho nikamwona Bina Choolwe amesimama nyuma ya makoti yaliyoning'inizwa, na kikombe cha chibwantu, togwa yetu ya mahindi, mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliweka kikombe mezani, akasema wageni wamefika, akaenda.

Wiki tatu baadaye tulishuka na wageni watano, wote wa familia moja, wanalalamika tangu getini. Baba mtu alisema amesafiri siku mbili kuja kuona maji, na anachoona ni ukuta. Bina Choolwe akamwambia, "Baba, njoo mwezi wa nne, utaomba uone ukuta." Wakacheka, hasira zikapungua. Tukashuka zile ngazi, mmoja mmoja, mpaka Chunguni.

Wageni wakakaa juu ya mawe kupumzika. Mimi nikawa nagawa maji. Bina Choolwe akasogea pembeni kama kawaida yake, fimbo mkononi, akapanda jiwe moja kubwa ambalo miaka yote huwa liko chini ya maji. Nikamwona anainama, na hakuinuka. Nikamfuata.

Alikuwa ameshika ndala ya bluu, ya mguu wa kulia, ukanda wake umefungwa kwa waya. Choolwe siku ile alivaa ndala za bluu, dunia nzima inajua, mama mtu alishalisema hilo kwa polisi, kwa mjomba na kwa kila mtu aliyesimama kumsikiliza. Alikuwa anaifuta mchanga kwa kiganja. Akaigeuza, mchanga ukamwagika, na mimi nikaona kisigino chake.

Pale kisiginoni palichomwa kwa msumari wa moto: kumi na saba.

Niwaeleze. Ndala za kukodisha zilikuwa zikinipotea, wageni wanaondoka nazo, basi mwaka jana, baada ya mvua, nilikaa na jiko la mkaa nikazichoma namba zote, moja mpaka arobaini. Mwaka jana. Choolwe alikuwa amekwisha kwenda karibu miaka miwili. Na hiyo kumi na saba naikumbuka, ukanda wake niliufunga waya mwenyewe, kisha kijana mmoja mgeni akaniambia imemponyoka mtoni, nikagombana naye getini mpaka watu wakatuamua.

Nilifungua mdomo. Namwambia Mungu na ninyi nyote, niliufungua niseme, "Shoga, hiyo ni yangu." Lakini Bina Choolwe akaikumbatia ile ndala tumboni na kupiga ukelele. Ukelele ule wa msiba, ambao hakuwahi kuupiga miaka mitatu, maana hakuna aliyempa ruhusa. Bonde lote likaitika. Wageni wakasimama, mmoja akaanza kulia bila kujua analia nini. Juu getini wakasikia, na wachonga vinyago wakaanza kushuka ngazi wanakimbia. Mimi nikafunga mdomo.

Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nyumba ilijaa watu. Nikasema kesho. Kesho yake Ba Siamwinde alikwisha kufika, kaburi limechimbwa, dogo, la kutosha mtoto mchanga. Kina mama wanapika kapenta, dagaa wetu, na nshima, wanaume wamekaa chini. Luse amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Nikaona sasa nimechelewa, lakini mzee yule nitampasulia, heri aibu yangu kuliko kumdanganya marehemu. Kumzika mtu na ndala ya kukodisha, kweli? Nilikuwa na hasira na nafsi yangu.

Nikasogea karibu. Ba Siamwinde alikuwa ameipokea ndala kutoka kwa dada yake, akaiinua juu kwa mikono miwili, kila mtu aione, akaigeuza juu na chini, kama desturi inavyotaka.

Kisigino kilikuwa cheupe. Kimenyolewa kwa kisu, laini, hakuna namba, hakuna alama, ngozi mpya ya mpira inang'aa.

Nikamtazama Bina Choolwe. Alikuwa ananitazama mimi, tangu lini sijui. Hakupepesa jicho. Nikarudi nyuma, nikakaa mahali pangu kati ya wanawake.

"Dada yangu," Ba Siamwinde akauliza mbele ya watu, "hiki ni cha mwanao?"

"Ni cha mwanangu," akasema.

Ikafungwa kwenye kitambaa cheupe, ikashushwa, ikafukiwa. Mzee akamwita Luse, akakata uzi kwa wembe, akauachia uanguke, na wanawake wakampaka unga mweupe usoni. Luse alilia kwa sauti, sijui kama alimlilia Choolwe au shingo yake. Mvua za kwanza zilipodondoka, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, yule mwenye masikio alikuja na shangazi zake, wakamchukua. Bina Choolwe alimfungia kanga mbili mpya na sufuria. Ile moja.

Mimi na yeye hatukusema neno juu ya jambo hilo mpaka siku moja ya mwezi wa kumi na mbili. Tulikuwa juu ya ngazi za mawe, tunangoja wageni watatu wamalize kujipiga picha. Mto ulikuwa bado mdogo, mvua zetu za hapa haziujazi, maji yake yanatoka mbali na yanafika baadaye. Mawe ya Chunguni yalikuwa bado nje. Nikashindwa kuvumilia.

"Kumi na saba," nikasema.

"Nilijua ni yako nilipoigeuza," akasema. "Nilikuona na wewe unajua. Nikapiga ukelele haraka usije ukasema."

"Ungeniambia. Ningekaa kimya."

"Wewe?"

Ana haki.

"Yule binti alikuwa anaomba kidole," akasema. "Mimi nimezaa, nikalea, nikaja nikamfunga mtoto wa mwenzangu kwa uzi kwa sababu mwanangu alifuata kofia. Nikaona basi, imetosha."

"Umefanya vizuri, shoga. Sasa na wewe pumzika."

Aligeuka akanitazama kana kwamba nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi.

"Bina Milimo, mtu hazikwi mara mbili. Kaka yangu amefunga kaburi, amemwaga pombe, amemwita kwa jina. Nikienda leo na mfupa, atasema yule tuliyemzika ni nani? Luse atarudishwa. Yule fundi atamrudisha na sufuria yake." Akasukuma jiwe dogo kwa fimbo, likaanguka. "Mto haujawahi kushuka hivi. Najua yuko hapo chini, mahali fulani, labda mwaka huu ndio angeonekana. Na sasa hata nikimwona, itanibidi nipite."

Nilitaka kumshika mkono. Wageni wakaita kwamba wako tayari. Akajibu kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, akawapanga mmoja nyuma ya mwingine, akatangulia. Aliwaambia ngazi zinateleza, kila mtu aangalie anapokanyaga. Yeye alishuka uso ameuinua, macho mbele, mpaka chini kabisa.