Mpiga mbiu wa Kibondo anayewafundisha vijana wa kompyuta kusalimia

Saa moja kasoro robo asubuhi, sokoni Kibondo, wauza maharage wanafungua magunia na mama lishe wanapuliza mkaa. Pasikali Nsabimana anaegemeza baiskeli yake kwenye nguzo, anakunywa mafunda mawili ya maji ya uvuguvugu, kisha anashika kipaza sauti.

"Mwakeye!" anaanza, kwa salamu ya asubuhi ya Kiha.

Halafu ananyamaza. Hatangazi chochote. Anasubiri watu waitikie, huyu kwa mdomo, yule kwa kupiga makofi mepesi kama Waha wanavyosalimiana, na muuza nyanya mmoja anamuuliza kama leo sauti ameisahau kitandani. Ndipo anasema alilotumwa: mbuzi jike, mweusi, sikio la kushoto limekatwa ncha, amepotea tangu Jumapili.

"Ukimsalimia mtu usimpe nafasi ya kuitikia, umemtukana," anasema baadaye akifunga kipaza sauti kwa mpira wa baiskeli. "Mimi sijawahi kumtukana mtu kwa kipaza sauti. Ana kwa ana, labda."

Kimya hicho kifupi ndicho kilichompa nafasi Pasikali, mwenye umri wa miaka 58 na elimu ya darasa la saba, kwenye kituo cha ubunifu cha vijana mjini Kasulu. Leo Jumatano anatakiwa kuwa huko kabla ya saa saba mchana, kwa sababu kuna mtihani.

Wanaofanya mtihani ni Shadia Hilali, 25, binti wa muuza duka wa hapo Kasulu, na mwenzake Evaristi Badogo, 24, mtoto wa wakulima wa Kitanga. Wameunda huduma ya simu inayompigia mkulima na kumsomea bei ya mazao ya siku hiyo mjini. Kituo kiliwapa meza, umeme na intaneti bure kwa miezi sita, kwa sharti moja: kati ya wakulima 180 walioandikishwa katika kijiji cha Kumsenga, angalau nusu wasikilize simu hadi mwisho. Muda unaisha keshokutwa. Wakishindwa, meza inapewa wengine.

Mara ya kwanza walisikiliza watu 22.

Pasikali hakuja kituoni kusaidia mtu. Kwa miaka kumi na tisa ametangaza mjini Kibondo kwa shilingi 10,000 kwa mzunguko, na siku njema hupata mizunguko mitatu. Siku mbaya hurudi nyumbani na koo kavu. Kazi yake ya uhakika ni moja tu: kila Jumamosi kikundi cha wakulima wa Kumsenga humlipa shilingi 15,000 apeleke bei za mjini, ili walanguzi wasije na lumbesa zao, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, na bei za kubuni. Kwa fedha hiyo amesomesha watoto watatu.

Februari mwaka huu akaambiwa kuna msichana anasema bei kwenye simu.

"Nikajua kitumbua kimeingia mchanga," anasema. "Nikapanda basi kwenda kugombana. Sifichi."

Kituo kiko orofa ya kwanza, palipokuwa zamani mgahawa, na kibao cha mgahawa hakijaondolewa. Pasikali akapanda ngazi, akakaa, akaagiza chai na chapati mbili. Vijana waliokuwa kwenye kompyuta wakatazamana. Shadia akashuka kumnunulia.

"Sasa utamgombeza vipi mtu aliyekuletea chapati?" anauliza Pasikali. Ugomvi ukaishia hapo.

Alipomaliza kula akawakuta vijana wamekata tamaa. Simu zilikuwa zinapokelewa, lakini watu walikata au waliendelea kuongea bei ikisomwa hadi ikawapita. Evaristi akamchezea sauti zilizorekodiwa. Msichana wa kwenye simu anasema moja kwa moja, "Maharage ya njano, kilo shilingi elfu mbili na mia tatu," na huku upande wa pili mzee anasalimia, anapiga makofi, anauliza mwenzake kaamkaje, watoto hawajambo, mvua imenyesha huko? Bei inakwisha. Mzee anabaki anaita, "Haloo? Haloo?" Mama mmoja amesikika akimwambia jirani yake kwamba huyo binti hana wazazi.

Pasikali akacheka hadi akatoa leso. Kisha, anasema, akaona aibu kucheka, maana vijana walikuwa wamekesha kwa kazi ile miezi miwili.

"Mimi ni Muha, nimezaliwa Kitanga," anasema Evaristi, akijikuna kichwa. "Salamu naijua tangu tumboni kwa mama. Lakini niliona simu ni mashine, na kila sekunde inakula salio. Nikakata salamu. Kumbe ndo nimekata kila kitu, noma sana."

Tangu siku hiyo Pasikali huja kila Jumatano. Wamemtundikia mablanketi ukutani katika iliyokuwa stoo ya mgahawa, na humo anarekodi salamu: za asubuhi, za mchana, za jioni, na moja ya wakati wa msiba, ambayo aliirudia mara nane. Baada ya kila swali ananyamaza. Mbele ya kinasa sauti anapiga makofi yake mawili matatu, kwa adabu zote, kama vile mkulima yuko mbele yake.

Kimya hicho kilizua mzozo. Salamu ilichukua sekunde 38, bei yenyewe sekunde 12. Evaristi akataka kupunguza. Pasikali akamwambia apunguze bei. Mwishowe Shadia ndiye aliyeamua: badala ya kupiga mara tatu kwa wiki kwa haraka, watapiga mara moja kwa heshima.

Kuna jambo ambalo vijana waliogopa kumuuliza, na Shadia alilisema wiki iliyopita tu.

"Nilimwambia, baba, hii kitu ikifanikiwa, Kumsenga hawatakuita tena Jumamosi. Akasema anajua. Nikalia mimi, yeye hakulia."

Pasikali anakiri kwamba lilimuuma. "Nilikaa nikawaza kwenye basi hadi nikapitiliza kituo. Lakini mvua ikinyesha Jumamosi sifiki Kumsenga, na mlanguzi anafika, ana lori. Nimewahi kukuta mtu ameuza gunia nne asubuhi ileile, mimi naingia saa nane nimelowa. Huwezi kumwambia mtu huyo asubiri baiskeli yangu."

Saa saba mchana inagonga. Huko Kumsenga watu wametoka mashambani, wanakula. Evaristi anabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta mistari 180 inaanza kubadilika rangi: kijani kwa aliyesikiliza hadi mwisho, nyekundu kwa aliyekata. Pasikali, ambaye hakuleta miwani, anauliza kila baada ya muda, "Kijani ngapi?"

Thelathini. Sitini na moja. Inasimama kwenye themanini na nane kwa muda mrefu kiasi cha Shadia kwenda dirishani. Kisha inaruka.

Kijani 131.

Evaristi anapiga meza na kupaza sauti, "Tumeua, mzee!" na Pasikali anamuuliza ni nani aliyekufa. Meza ni yao kwa miezi sita mingine. Shadia anamwambia kuanzia mwezi ujao watamlipa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa sauti yake, na Pasikali anaitikia kwa kichwa, kwa furaha ambayo haifichi. Matangazo ya mbuzi waliopotea, anasema, atabaki nayo mwenyewe, kwa kuwa mwenye mbuzi hutaka mji mzima usikie.

Lakini kioo kinaonyesha jambo jingine. Watu 41 wa Kumsenga wamepiga tena namba ile, na namba ile haina mpokeaji. Evaristi anahisi kuna hitilafu. Shadia anachagua mmoja, anampigia. Ni mzee Nduwayezu, mkulima wa muhogo.

"Yule baba ameniuliza habari za mke wangu, za watoto, na ng'ombe," anasema mzee kwa sauti ya mtu aliyekosewa. "Akasema bei, akakata. Mimi sijamuuliza za kwake."

Pasikali ananyoosha mkono, anapewa simu. Anasalimiwa. Anaulizwa mke, anajibu. Anaulizwa watoto, anajibu mmoja mmoja kwa jina. Simu ameibana kwa bega ili mikono ipate kupiga makofi. Inachukua dakika sita, na Evaristi hatazami salio.

Anapomrudishia Shadia simu, macho yake yamelowa kidogo. Anaomba jambo moja katika miezi hiyo sita: namba iwe na mtu wa kupokea. Shadia anaandika kwenye daftari, anapigia mstari.

"Hao arobaini waliobaki siwezi kuwaacha hivyo," anasema Pasikali akitafuta kofia yake. "Jumamosi nakwenda Kumsenga na baiskeli. Safari hii malipo yao sichukui. Nakwenda tu, waniulize hali."