Nyasi za Maman

Jirani yangu hapa Bukavu ni fundi wa magari, na kila anapomwaga mafuta machafu ya injini juu ya mchanga wa kiwanja chake, mimi huacha kazi niliyo nayo nikasimama dirishani kunusa. Wanangu hunicheka, wenzao wana mama wanaopenda marashi. Lakini ninyi nitawaambia: hiyo ndiyo harufu ya suruali ya Papa.

Papa alikuwa mchezaji wa gofu, na gofu ndiyo iliyotulisha. Aliwafundisha madaktari na wakubwa wa ofisi kupiga kimpira kwa fimbo, kwenye klabu moja iliyotazama ziwa, enzi za Zaire. Kule kila shimo lilizungukwa na mchanga, si nyasi: mchanga uliolowekwa mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika ili upepo usiupeperushe, ukasawazishwa kwa ubao kabla ya mtu kupiga. Papa alirudi nyumbani Kadutu akinuka kama lori. Watu wa mtaani hawakuielewa kabisa kazi hiyo. Walimwita Papa Fimbo, mimi nikawa mtoto wa Fimbo, wala sikuona ubaya wowote.

Kisha akaitwa Kinshasa kushindana na wachezaji wengine wa kulipwa. Atakayeshinda angebaki kule kuwa mwalimu wa klabu kubwa, na sisi tungemfuata. Sijawahi kumwona Papa akitaka kitu kama alivyoitaka nafasi ile. Jioni ya siku aliyoitwa aliacha bugali nusu sahani, akamwambia Maman kilichomsumbua.

"Kule iko majani pembeni ya shimo. Mi sijacheza ku majani hata siku moja. Kupiga mbali, sina woga. Lakini ile ya kumalizia..."

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta Maman nyuma ya nyumba aking'oa maharagwe yake, mabichi bado, yale ya mbegu aliyopewa na mama yake kutoka Mudaka. Aliyapenda sana, mimi nilikuwa nikichapwa kwa kuyakanyaga tu. Mahali pake alipanda nyasi fupi laini, alizozichimba kando ya ziwa na kuzipandisha kilima zikiwa ndani ya beseni kichwani.

Jirani yetu, Maman Neema, alichungulia juu ya ua. "Sasa mutakula majani, Maman Furaha?"

"Majani iko ya bwana yangu," Maman akasema. "Mboga, enda utafute fasi ingine."

Ziliposhika mizizi, akaanza kuzikata kwa mkasi wake wa kushonea. Bandu bandu huisha gogo. Alipiga magoti mlangoni, akaipa nyumba mgongo, akashuka taratibu mpaka kwenye ua, kikwembe alichojifunga kikilowa umande, na kila siku alianzia palepale mlangoni. Papa alifukia kopo la maziwa katikati, akavua viatu asiziumize nyasi, akacheza. Tok, mpira ukaingia koponi. Tok. Jikoni Maman alisonga bugali, na kila tok alitabasamu peke yake.

Papa alipanda ndege amevaa suti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Aliporudi hatukuhitaji kuuliza kama ameshinda. Aliketi, akaomba maji, akatueleza kwamba mipira ya kumalizia ilimkataa, mmoja baada ya mwingine, ikipita pembeni ya shimo.

"Juu ya nini?" Maman aliuliza kwa sauti ndogo. "Majani yangu ilikua mubaya?"

"Hapana, Maman Furaha. Majani yako ilikua muzuri sana. Ni ndege. Ile ndege ilinichokesha, mikono ikatetemeka."

Nikaichukia ndege. Kila iliyopita juu ya ziwa niliitukana kwa Kiswahili, kwa Mashi, na kwa kile Kifaransa kidogo cha shuleni. Maman alipanda tena maharagwe, lakini pembeni tu. Katikati aliacha nyasi, akaendelea kuzikata.

Hapo ndipo Papa aliponifundisha kucheza nilipokuwa msichana mkubwa. Siku moja Maman alikuwa sokoni, nikapiga mpira, ukalikwepa kopo na kuteremka hadi kwenye ua. Papa akacheka.

"Majani inalala vile goti na mukono inaipeleka. Mama yako anakata kutoka mulango kwenda chini, kila siku. Yote inalala upande moja, na mupira inaifuata. Mi nikazoea vile. Kinshasa, kila shimo na upande yake."

Nilibaki nimeshika fimbo. "Ulimuambia?"

"Nimuambie nini? Aling'oa maharagi yake."

Akaokota mpira, akaniwekea tena miguuni. Maskini ndege, niliionea bure miaka yote ile.

Papa tulishamzika. Maman yupo, ila magoti yamekataa kupinda, kwa hiyo nyasi nazikata mimi, kwa mkasi uleule, nikianzia mlangoni, maana yeye ananisimamia kutoka kitini. Juzi aliniuliza:

"Furaha, papa yako alikosa juu ya nini kule Kinshasa?"

Sidhani niliwahi kumpenda Papa kama nilivyompenda wakati ule, mkasi mkononi, nyasi zote zimelala kuelekea kwenye ua.

"Ni ndege, Maman," nikamjibu. "Ilimuchokesha."