Ukurasa wa Ngiri

Mapema miaka ya sabini, nikisomea udaktari Nairobi, kichwa changu kilikataa maneno. Nilinakili kurasa kwa kurasa, na zote zilinitoka. Mwenzangu wa chumbani akanifundisha kuyachora masomo: mwili katikati ya ukurasa, mishale, neno moja moja pembeni. Alisema picha ya mtu yeyote tu husahaulika, kwa hiyo kila ugonjwa niupe mtu ninayemjua.

Ngiri nikampa baba yangu. Nyumbani Sironga kila mtu alijua anavyotembea, mkono mmoja kwenye kinena, na hakuna aliyethubutu kulisema. Nilimchora uchi, kofia yake kichwani, uvimbe ukining'inia. Kando nikachora saa, kujikumbusha kwamba utumbo ukinaswa mle huanza kuoza baada ya saa chache. Nilicheka peke yangu nikichora. Nilikuwa mpumbavu mwenye majivuno, na mtihani nikaupita.

Likizo nilirudi na daftari. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto: mwana haingii chumba cha kulala cha baba yake, sembuse kumwona bila nguo. Nilijua. Nilidhani karatasi haihesabiwi.

Sabato moja, baada ya kanisa, baba alikaa uani na wazee wenzake watatu. Alilichukua daftari mwenyewe, awaonyeshe mwanawe anasoma nini. Kiingereza hakujua hata neno. Ningeandika maneno matupu, angepekua kwa fahari na kulirudisha mezani. Lakini picha aliielewa. Mzee mmoja aliitambua kofia kabla yake, akacheka mpaka akakohoa.

Baba alilifunga daftari, akaliweka kwenye nyasi. Hakunigombeza. Tangu siku ile hakula nami wala hakunipa mkono, na salamu zangu alizijibu kupitia kwa mama.

Miaka michache baadaye, nikiwa daktari Kisii, mama alituma mtu: baba anatapika tangu alfajiri, tumbo limekaza. Nilifika asubuhi ileile. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, amelishika kwa mikono miwili.

"Tata, niruhusu nitazame. Gari liko nje, twende hospitali."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu lile daftari.

"Ulishanitazama. Kalitazame daftari lako."

Nilimwambia atatibiwa na daktari mwingine, mimi nitabaki nje.

"Madaktari wote wana madaftari," alisema.

Nilimsihi, nikamfokea, nikamtukana mbele ya mama. Hakuliachia blanketi. Nikatoka, nikakaa nje ya mlango na saa yangu ya mkononi. Saa sita. Saa nane. Saa kumi. Nilijua kinachooza ndani yake na kimefika wapi, kwa sababu ukurasa ule niliuchora vizuri.

Alikufa kesho yake mchana. Kumwosha sikuruhusiwa, mimi ni mwanawe. Wazee wenzake ndio waliombandua vidole kwenye blanketi, na yule aliyecheka alikuwa mmoja wao.