Kimondo Kilichotuvusha Ziwa

Alfajiri ile kijijini kwetu, upande wa Kongo, mama alikuwa akichochea moto na baba akigeuza mihogo aliyoianika mwambani. Ziwa lilikuwa limelala. Kwa siku kadhaa tulikuwa tukisikia bunduki milimani, mbali, kama watu wa kijiji kingine wanaotwanga, na tulikuwa tumeanza kuzizoea.

Ghafla kukawa mchana.

Niliona kivuli changu kikikimbia ukutani, nami nimesimama. Juu ya ziwa ulipita moto wa kijani, ukavunjika vipande, ukazimika. Baadaye kidogo ukaja mshindo. Sufuria zikatetemeka.

"Bomu!" mtu alipiga kelele, na nusu ya kijiji ikakimbilia boti.

Baba hakukimbia.

"Mama Neema, hicho ni kimondo. Bomu halina rangi ile."

"Umekuwa fundi wa mabomu lini?"

"Haya, tangulieni. Mkisikia kumetulia, mrudi. Mvua ikija, nani ataianua mihogo hii?"

Mama alinivuta mkono.

Tulifika Katonga, ng'ambo, upande wa Kigoma, jua likishuka nyuma yetu. Wanawake walikuwa wakizoa dagaa waliokauka mchangani. Mmoja, Bi Zuhura wa Ujiji, alitupa maji ya kunywa, akauliza tumekimbia nini. Mama akamweleza ule moto.

"Hata sisi tumeuona," alisema Bi Zuhura. "Kimondo kile, mwenzangu. Kumbe kapigwa shetani, mmekimbia nyie!"

Ufuko mzima ukacheka. Mama naye alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Baba Neema atanisimanga mpaka uzeeni," alisema. Jioni ileile akaomba nafasi kwenye boti ya kurudi asubuhi.

Asubuhi boti ile haikuondoka. Zilikuja nyingine.

Watu wa kijiji chetu walishuka bila kusalimia. Wapiganaji walikuwa wameteremka milimani baada ya sisi kuondoka. Mama alipita boti moja hadi nyingine akitazama nyuso, kisha akarudia tena, kana kwamba aliruka moja.

Jirani yetu, Byamungu, alimshika mikono yote miwili.

"Hatukupata hata nafasi ya kumzika," alisema.

Mama aliketi mchangani, kati ya dagaa za watu. Bi Zuhura akaja akaketi karibu naye. Hakuna aliyecheka tena.

Sasa tunaishi Katubuka, hapahapa Kigoma, na nina watoto wangu. Wakiuliza bibi yao alikimbia nini, mama hujibu, "Vita," akaendelea na kazi yake. Kimondo hakitaji, nami simsahihishi. Vita vilikuwa kweli, ila alfajiri ile vilikuwa bado havijatufikia.

Baba ndiye aliyeona sawasawa. Sisi tuliokosea ndio tuliopata kuishi, na mwaka huu nimempita umri.