Mpaka Uliomfuata Eulogio Barela

Eulogio Barela alikuwa mfyatua matofali kijijini Doña Ana. Vita vya Meksiko na Marekani vilipokwisha, Wamarekani walichukua upande wake wa mto. Yeye na mkewe Nicanora wakavuka mto hadi Mesilla, upande uliobaki wa Meksiko, ili wabaki Wameksiko. Wakajenga nyumba na kupata zamu ya maji ya mtaro wa kumwagilia mashamba.

Miaka minne baadaye Meksiko iliiuza Mesilla. Asubuhi moja ya Novemba wanajeshi walipandisha bendera ya Marekani uwanjani, nami, jirani yao, nilikuwepo. Eulogio hakungoja wamalize. Alikwenda kupakia mkokoteni.

"Tunahamia kusini," alimwambia mkewe.

"Kusini wapi, mume wangu? Ukijenga huko, watakununua na huko."

"Sitaki kufa Mmarekani!"

"Basi usife. Machi tunasafisha mtaro. Asiyefika na koleo hapewi maji, na mizabibu yangu bado michanga."

Nicanora akashusha magodoro mwenyewe. Eulogio alizunguka ua mpaka jioni, kisha akashusha vilivyobaki.

Machi alifika mtaroni na koleo lake. Msimamizi wa maji akamtania, "Karibu Marekani, bwana!"

Eulogio akamrushia tope. "Nimefuata maji, si bendera!"

Aliishi Mesilla miaka ishirini zaidi. Watoto wake walijiita Wamarekani bila kufikiri mara mbili. Yeye, kila alipoona msafiri ametoka kusini, alitoka barabarani kumuuliza mpaka umefika wapi sasa.