Ngumi Iliyosimamisha Winchi

Siku yangu ya kwanza kwenye ujenzi wa kambi ya gesi, Palma, sikugusa chuma wala saruji. Msimamizi wa winchi, Mreno mmoja mnene, alinifundisha ishara za mikono tu. Nyinyi mnaoingia kazini leo mna redio. Sisi tulikuwa na mikono. Mwelekezi husimama chini, akamwonyesha dereva wa winchi apandishe mzigo au ashushe.

"Ishara zote utatoa wewe peke yako," aliniambia. "Ila ngumi juu, maana yake simama, anaweza kuitoa hata mpishi."

Nilikuwa mwanachama wa sindikato, yaani chama cha wafanyakazi, tangu nilipokuwa bandarini Mocímboa. Nilikiamini mno. Basi mikanda ya kunyanyulia mizigo ilipoanza kuchanika, nikawashauri wenzangu tumwite katibu wake kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo letu kusini mwa mto Ruvuma. Akaja. Tulimwekea wali na samaki ale nasi sinia moja. Yeye akala na mainjinia kwenye chumba cha kiyoyozi, akatoka anapangusa midomo.

"Ndugu zangu, endeleeni na kazi. Suala linashughulikiwa."

Alasiri ile ile Nasoro, kijana wa Olumbi aliyekuwa akifunga mizigo, aliinua ngumi. Winchi ikasimama. Akainua mwingine, na mwingine, mpaka uwanja mzima. Mimi nilishusha mikono, nikatazama. Kesho yake mikanda mipya ikaletwa! Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Lakini Nasoro alifukuzwa. Nikampigia katibu simu kumwombea.

"Greve ile, mgomo wenu ule, hatukuiitisha sisi," akajibu, akakata.

Nasoro akaanzisha umoja wao usio na katibu, kila kundi likichagua msemaji wa siku ile tu. Vijana walimiminika.

"Baba mdogo, njoo kwetu," alinisihi. "Utawabembeleza hawa mpaka lini?"

Nikamwambia anipe muda, nizungumze na sindikato tena. Nilikuwa bado nangoja kuitwa ofisini vita vya waasi vilipotufikia. Kambi ikafungwa, umoja ule ukasambaratika. Nasoro alivuka Ruvuma na sijapata habari zake mpaka leo.

Nilistaafia Pemba. Katibu yule yule alinisimamisha mbele ya watu, akanivisha kofia ya chama.

"Mzee huyu," akasema, "hakutusumbua hata siku moja."

Watu wakapiga makofi. Roho iliniuma, maana alisema kweli.