Mtumbwi wa Kunyweshea Ng'ombe

Mimi ni mtu wa mlimani. Nimezaliwa Mamba, kwenye mashamba ya tangawizi, ambako maji ni kijito unachokivuka kwa kurukia mawe. Nilipoolewa nikashukia tambarare, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa chini wa Kifaru, na kwa miaka mingi nililitazama bwawa lile kama unavyolitazama duka ambalo huna haja nalo. Bwawa lilikuwa la wavuvi. Mimi nilikuwa na jembe langu.

Mambo yalibadilika tulipopata shamba ng'ambo. Maji ya bwawa yakirudi nyuma huacha ardhi nyeusi ambayo ukipanda kunde leo, keshokutwa unadhani zinakuita, na sisi tulipewa kipande upande wa pili wa ghuba. Kutoka mlangoni kwangu naliona shamba lile, naona hata mbuzi akiingia. Kulifikia kwa miguu ndiyo kazi: unazunguka asubuhi nzima kwenda, na jioni nzima kurudi. Kulikuwa na mtumbwi mkubwa wa kuvusha watu, lakini mwenyewe haondoki mpaka ujae, na wanaomjazia ni wachuuzi wa samaki, si mimi na kikapu changu cha mbegu. Mara ngapi nimekaa ufukweni nikimtazama mbuzi wa mtu akila kunde zangu bila haraka, na mimi nasubiri abiria wa mwisho.

Mume wangu ni fundi mwashi. Siku za kazi anakuwa Same mjini, mwisho wa juma anarudi nyumbani. Jumamosi moja nilimngoja amalize chai.

"Nataka kununua mtumbwi," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Wa nini?"

"Wa kwangu. Mdogo, wa mtu mmoja. Uliotumika, maana mpya hatuuwezi."

"Mke wangu, wewe hata kuogelea hujui."

"Na wewe hujui kuruka, lakini kila siku uko juu ya ghorofa za watu."

Akacheka, na kwa mume wangu kicheko ndiyo saini. Tukakubaliana kwamba fedha ya mbuzi wawili niliowauza ndiyo hiyo hiyo, isiongezwe hata kidogo. Wifi yangu, dada yake, ambaye nyumba yake imepakana na yangu na aliyekulia kwenye maji yale, aliposikia alipiga makofi. "Sawa, wifi! Mtu wa Mamba ataogopa mamba gani tena?"

Kweli sikuwa najua mitumbwi. Lakini kununua nilikuwa najua. Aliyekulia kwenye tangawizi ameshaona magunia yaliyopangwa mizizi minono juu na udongo katikati. Mama yangu alitufundisha tusitaje bei kabla mkono haujafika chini ya gunia, na tangu hapo hakuna kitu nilichonunua kwa macho peke yake.

Mtumbwi wa kwanza nilioneshwa na dalali mmoja kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Ulikuwa umelazwa kifudifudi juu ya magogo, mweusi, unang'aa, lami yake bado inanukia. Dalali akaupiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe mnadani.

"Mama, huu umetumika miezi michache tu. Mwenyewe amehama."

"Na lami hii imepakwa lini?"

"Tunautunza, mama. Chombo ni kutunza."

Nikainama, nikatoa ufunguo wa nyumba yangu, nikaukandamiza kwenye tumbo la mtumbwi karibu na mkia. Uliingia kama unaingia kwenye muhogo uliochemshwa.

"Mama! Unaharibu mali ya watu!"

"Kaka yangu, hii imeharibika kabla sijafika," nikamwambia, nikapangusa ufunguo kwenye kanga.

Wa pili ulikuwa mzima, mbao ngumu, na mwenye nao alikuwa mtu mkweli. Nikamwomba aniruhusu niuburute mwenyewe kutoka majini mpaka kwenye nyasi. Nilivuta mpaka nikaona nyota mchana. Haukusogea hata hatua moja. Ulikuwa mtumbwi wa watu watatu, na mimi nilikuwa mmoja. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Wifi alisema nilikuwa nachagua kama mtu anayetafuta mchumba. Nikamwambia mchumba nilimpata kwa namna hiyo hiyo, na ni kaka yake.

Siku za mnada wa Same huwa nakwenda na tangawizi inayotoka kwetu Mamba kuwauzia mama lishe wanaochemsha chai pale kando ya zizi. Siku ile kila aliyenisogelea nilimuuliza habari za mtumbwi, hata wenye kuuza kamba na chumvi. Watu walicheka. Mtumbwi, Same, kwenye vumbi lile? Kisha mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima kunizidi, shanga zimemjaa shingoni, aliyekuwa anachagua mizizi ya tangawizi mmoja mmoja, akainua kichwa.

"Mtumbwi ule wa kukatia maji?" akaniuliza.

"Huo huo, mama."

"Mimi ninao. Ndama wangu wanakunywa ndani yake."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Miaka ya nyuma, alisema, mvuvi mmoja wa mto Ruvu aliwaachia mtumbwi ule kwa kubadilishana na mbuzi, wakauvuta kwa punda mpaka bomani, na tangu hapo ukawa hori la kunyweshea. Nikamfungia tangawizi yake na nyingine juu yake, nikamwomba anielekeze njia.

Nilikwenda na bodaboda, mwendo wa tambarare tupu, miiba na vichuguu. Boma lake lilikuwa kwenye kiinuko kidogo, milima ya Upare nyuma yake yote ikiwa ya bluu. Nikamwamkia "Shikamoo, mama," akaitika "Marahaba," halafu akanipeleka moja kwa moja nyuma ya zizi.

Mtumbwi ulikuwepo. Mfupi, mwembamba, umechongwa kwenye gogo moja. Ukingo mmoja ulikuwa umelika kidogo na kulainika kwa midomo ya ng'ombe, na puani palikuwa na bati lililopigiliwa juu ya ufa wa zamani. Ulikuwa umejaa maji mpaka karibu na ukingo, ukiwa umekalia mawe mawili. Sikugusa ufunguo. Nilipiga magoti nikapitisha mkono chini ya tumbo lake, mwanzo mpaka mwisho, nikautoa mkono na kuutazama. Ulikuwa na vumbi kavu. Chombo kimejaa maji mchana kutwa, na chini yake vumbi linapeperuka! Moyo wangu ulidunda, lakini uso niliuacha kama ulivyo. Hilo nalo nimejifunza sokoni.

"Mama, ng'ombe ni wa mzee wa boma," nikasema. "Si lazima tumuulize yeye?"

"Ng'ombe wake," akanijibu. "Maji anateka nani? Maji yangu, chombo cha maji changu."

"Basi niuzie."

"Nikikuuzia, ndama wanywe wapi? Fedha hainywewi." Akakaa juu ya dumu, akafikiri. "Niletee hori lingine. Zito, wasiweze kupindua. Huu wanaupindua kila siku, na mimi ndiye ninayerudi kisimani."

Nikamtazama, nikatazama mchanga mzuri wa korongo uliokuwa hatua chache tu, nikamkumbuka mume wangu. "Mama," nikamwambia, "nitakujengea la saruji. Halitapinduliwa na ng'ombe wala tembo."

Jioni nilimkuta mume wangu Same, nikamweleza yote mbele ya sahani ya ugali.

"Kwa hiyo mtumbwi unaununua kwa mgongo wangu," akasema.

"Kwa mgongo wako na saruji yangu. Na mimi ndiye kibarua wako."

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Sehemu ya fedha ya mbuzi ikawa mifuko ya saruji na nondo chache. Yeye alipanga mawe na kupima kwa kamba, mimi nikachekecha mchanga na kukoroga zege. Tangu tuoane sikuwa nimewahi kufanya naye kazi yake. Niliona anavyogeuza mwiko, asivyopoteza hata tone, na yeye naye akaona kwamba sichoki upesi. Yule mama alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi yangu mwenyewe. Lilipokamilika lilikuwa refu, laini, limezama nusu ardhini. Tukaliacha likomae, yule mama akilimwagia maji na kuyatoa, kama fundi alivyomwagiza.

Tuliporudi kuchukua mtumbwi, yule mama akaweka sharti. "Ng'ombe wakinywa humu, chukua. Wasipokunywa, mimi nina jiwe tu, sina hori."

Lilikuwa sharti la haki. Tukajaza maji. Ng'ombe wakaja wakikimbia kwa kiu, wakafika kwenye saruji, wakanusa, wakasimama. Mmoja akapiga chafya. Kisha wote, kama walioambiana, wakageuka kwenda kwenye mtumbwi wangu na kutumbukiza midomo. Mume wangu akainamisha kichwa. Nilijua anahesabu jasho lake.

Lakini mimi nilikuwa nawatazama ng'ombe. Hawakuogopa hori, walikosa harufu yao. Nikachukua ndoo, nikachota yale maji ya mtumbwini, yenye mate yao na nyasi zao, nikayamwaga kwenye hori jipya, ndoo baada ya ndoo, mpaka mtumbwi ukakauka. Halafu nikachukua konzi ya kinyesi kibichi, nikaipaka ukingoni kote. Mume wangu akafumba macho: ukingo ule alikuwa ameung'arisha kwa nusu siku.

Ng'ombe mmoja mzee, mwenye pembe iliyovunjika, akasogea. Akanusa tena. Akalamba ukingo. Kisha akazamisha mdomo, na tukalisikia koo lake likivuta maji. Waliobaki wakamfuata kwa kusukumana.

Yule mama akanishika mkono wangu wenye kinyesi bila kujali. "Chukua mtumbwi wako," akasema. "Uende salama huko majini."

Tuliupakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pua ikiwa imechomoza nyuma na kitambaa chekundu kimefungwa. Barabara nzima watu walitupungia. Nyumbani nikausugua kwa mchanga, wifi akaziba pembeni mwa bati kwa pamba na lami, na kwa fedha iliyobaki nikanunua kafi na jaketi la kuokolea, la mtumba, lakini zima.

Majini, bwawa lilinipa somo langu. Nilipanda kama mtu anayekalia kiti, na kabla sijashika kafi vizuri mtumbwi ukajipindua. Maji yalikuwa ya kiunoni tu, lakini niliyanywa. Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

"Wifi, huo si kochi!" akanipigia kelele. "Piga magoti chini kabisa, kama uko kanisani. Uzito ukae tumboni mwa mtumbwi."

Nikapiga magoti. Mtumbwi ukatulia papo hapo, kama mtoto aliyepata mgongo wa mama yake. Tulifanya hivyo kila jioni ya juma lile, wifi akitembea kando yangu kwenye maji mafupi, akinisahihisha mkono: usipige maji, yavute, usibadilishe upande kila mara, pindisha kafi mwishoni. Alinionesha pia mahali ambapo viboko hutokea, na saa za kutokaribia matete. Hayo niliyashika bila kurudiwa, maana ujasiri na upumbavu nawajua kwa sura.

Asubuhi niliyovuka peke yangu hakukuwa na upepo. Nilifunga madumu mawili matupu ubavuni yausaidie mtumbwi kuelea, nikavaa jaketi, nikaweka jembe na kikapu cha mbegu mbele, nikapiga magoti na kuusukuma mtumbwi. Wifi alisimama ufukweni, kanga ameipandisha magotini, tayari kuingia majini. Katikati ya ghuba niliacha kuvuta kafi kidogo tu nisikie palivyo kimya. Nyuma yangu milima ilikuwa na wingu kileleni, na mimi nilikuwa juu ya maji, mzima, katika chombo changu, hakuna ninayemsubiri.

Nilifika kabla jua halijakuwa kali. Nikashuka kwenye tope, nikauburuta mtumbwi peke yangu mpaka kwenye nyasi, nikaufunga kwenye kisiki. Kunde zilikuwa zimesongwa na magugu. Nikavua jaketi, nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza na mstari wa kwanza.